Acheni Kunyanyua Gari la Watoto

Kuanzia Nairobi hadi Dar es Salaam imeenea imani kwamba baba mwenye Prado au Land Cruiser hajawa tayari kuwapeleka watoto wake Natron, Katavi au Marsabit mpaka gari lipite kwanza gereji. Linyanyuliwe inchi tatu au nne. Livishwe matairi makubwa yanayotokeza nje ya bodi. Lifungwe ngao ya chuma mbele, winchi, mkonga wa kuvutia hewa, keria, hema la juu na safu ya taa. Asiyefanya hivyo anaambiwa anaihatarisha familia yake. Naipinga imani hii kuanzia kwenye mzizi. Sehemu kubwa ya mabadiliko hayo humpunguzia mtoto usalama, huliondolea gari uwezo liliotoka nao kiwandani, na humeza fedha ambazo zingefanya kazi ya maana kwenye gari hilohilo.

Nianze na kunyanyua, kwa sababu mengine yote hufuatia hapo. Mteja anafika gereji na malalamiko ya kweli kabisa: gari limegonga chini. Fundi anamjibu, "Bosi, tukiweka spesa za inchi mbili utapita popote." Spesa ni kipande kinene cha alumini au plastiki ngumu kinachopachikwa kwenye springi ili bodi ikae juu zaidi. Kazi inamalizika mchana mmoja, gari linaonekana kubwa, mteja anaondoka ameridhika.

Sasa lala uvunguni mwa gari hilo, tuseme ni Prado, upande wa nyuma. Utaona ekseli nzima imevuka kutoka tairi moja hadi jingine, na karibu na katikati yake limetuna lile bonge la difu. Hilo ndilo linalogonga jiwe na kukwaruza tuta lililobaki kati ya nyayo za malori. Springi zimekaa juu ya ekseli. Ukizirefusha unainua bodi, ekseli inabaki palepale, na difu haijapanda hata milimita moja. Kinachoweza kuipandisha ni tairi peke yake, nalo huipandisha kwa nusu tu ya kipenyo kilichoongezeka. Prado nyingi za toleo la 150 zilitoka na tairi la 265/65 R17. Ukiweka 285/70 R17, kipenyo kinatoka takribani milimita 776 hadi 831. Difu imepanda milimita 27, ambazo hazifiki upana wa vidole viwili.

Kwa vidole hivyo viwili mteja ametoa nini? Kama mshale wa mwendo ulikuwa sahihi mwanzoni, sasa ukisoma 100 gari linakwenda 107. Breki zilezile zinatakiwa kulisimamisha gurudumu refu na zito zaidi. Injini imepoteza asilimia saba ya nguvu ya kuvuta katika kila gia, na ataijutia hasara hiyo akipanda Lushoto na mzigo. Upande wa mbele hali ni mbaya zaidi, maana huko kila gurudumu lina shafti yake, na bodi ikipanda shafti zinalala mshazari kupita ilivyokusudiwa. Mipira inayofunika viungo vya shafti inakunjwa kila mzunguko mpaka inachanika. Nimeinama chini ya magari mengi ya namna hii na dalili huwa moja: mstari mweusi wa grisi umezunguka upande wa ndani wa rimu, vumbi limeushika, na mwenye gari bado anadhani ule mlio anaousikia akikata kona unatoka kwenye tairi. Halafu kuna shokapu. Urefu wake haukubadilika, kwa hiyo nafasi iliyoongezwa juu imeibwa kutoka chini. Gurudumu likifika kwenye shimo haliwezi tena kushuka vya kutosha kuifuata ardhi. Linabaki likielea, na gurudumu linaloelea halivuti wala halishiki breki.

Haya yote yanagharimu fedha. Kupinduka kunagharimu watoto. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, hupima hatari ya gari kupinduka kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaiweza: chukua upana kati ya tairi la kulia na la kushoto, gawanya kwa kimo cha kitovu cha uzito mara mbili. Magari mengi madogo hupata kati ya 1.3 na 1.5. Magari marefu ya aina tunayoizungumzia hupata kati ya 1.0 na 1.3, yaani yanatoka kiwandani yakiwa tayari karibu na ukingo. Tuchukue gari la mfano lenye mita 1.58 kati ya matairi na kitovu cha uzito kilichoko sentimita 72 kutoka ardhini. Linapata karibu 1.1. Lipandishe bodi, liwekee keria, hema na madumu juu ya paa, kitovu kipande sentimita nane tu. Sasa linapata chini ya 1.0. Na wanaopinduka barabarani kwetu mara nyingi hawakuwa wakipanda miamba. Walikuwa kwenye lami au changarawe, mwendo wa 80, bodaboda akachomoka kwenye uchochoro, dereva akakata usukani kulia kisha kushoto. Gari la kimo cha kiwandani linayumba na kurudi mahali pake. Hili lililonyanyuliwa lina nafasi finyu zaidi ya kurudi, na ndani yake kuna watoto wamesinzia.

Uzito ni jambo ambalo wenye gereji hawalitaji kabisa. Prado 150 ya dizeli, tupu, inakaribia kilo 2,300. Mtengenezaji ameweka kikomo cha gari pamoja na kila kilichomo, nacho kwa matoleo mengi kiko kati ya kilo 2,900 na 2,990. Inabaki nafasi ya kilo 600 na ushei. Jumlisha nami, kwa makadirio ya kawaida: ngao ya chuma 60, winchi 35, keria 35, hema la juu 65, droo za nyuma 60, bati za kukinga uvungu 50, betri ya pili 25, friji ndogo 30. Hizo ni kilo 360 kabla hajapanda mtu. Baba, mama na watoto watatu ni 240 nyingine. Tumefika 600, na hatujapakia dumu la maji, unga, begi la nguo wala tairi la pili la akiba. Gari limefikia kikomo kabla ya safari kuanza, na kila kilo inayoongezeka inabebwa na breki, beringi na chasisi ambazo hazikuundwa kwa ajili yake. Paa lina kikomo chake pia, ambacho kwa magari mengi ya aina hii ni kati ya kilo 75 na 100 gari likiwa linatembea. Hema na keria peke yake vimekimaliza. Bado naona magari yakipita Makuyuni na hema, madumu mawili ya mafuta, tairi na jeki ndefu, vyote juu ya paa.

Ngao ya chuma ndiyo inayoniudhi kuliko vyote. Asili yake inaeleweka. Sehemu kubwa ya mtindo huu tumeupokea kutoka Australia, nchi ambayo ARB, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za vifaa hivi duniani, ilianzishwa mwaka 1975. Kule mtu husafiri mamia ya kilomita bila kituo cha mafuta, na kangaruu huruka barabarani jioni na usiku. Kwa mtu wa Queensland anayeendesha gizani mbali na watu, ngao ina hoja. Lakini barabara zetu za vijijini zina wanafunzi wanaotembea pembeni alfajiri, kina mama wenye madumu ya maji, wachungaji wadogo nyuma ya mbuzi. Bampa na boneti za magari ya siku hizi vimeundwa kubonyea ili mguu au kichwa cha mtu kisipokee pigo lote. Ngao inafuta kazi hiyo yote na kuweka bomba la chuma lisilobonyea, mara nyingi kwenye kimo cha kifua cha mtoto wa darasa la pili. Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo mwaka 2005 kuzibana ngao ngumu za aina hiyo kwenye magari mapya kwa sababu hiyohiyo. Anayesema amefunga ngao ili kuwalinda watoto wake anapaswa kujibu swali la watoto wa wenzake. Na hata hao wa kwake hawalindi anavyodhani, kwa kuwa chuma kisichobonyea hupeleka nguvu ya pigo moja kwa moja kwenye chasisi na kwa waliokaa ndani.

Mkonga nauzungumzia kwa kifupi. Kwa msafara unaokula vumbi una faida yake, maana unavuta hewa kutoka juu ambako vumbi ni haba, na chujio la hewa linadumu zaidi. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na imani kwamba mkonga ni kibali cha kuvuka mito. Prado 150 kutoka kiwandani imepewa kina cha sentimita 70 katika maji yaliyotulia. Maji yanayokwenda kasi ni jambo jingine: wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani wamekuwa wakionya miaka nenda miaka rudi kwamba sentimita 60 za maji yanayokimbia zinatosha kusomba hata magari ya aina hii. Yaani mto unalichukua gari kabla maji hayajaufikia mdomo wa hewa wa kiwandani. Makorongo yetu hujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha milimani mbali usipoiona. Mwenye watoto anasimama ng'ambo, anachemsha chai, anasubiri maji yapungue. Mkonga unamtia ujasiri wa kutosubiri.

Hoja nzito ya wanaonipinga ni kwamba barabara zetu ni mbaya na gari la kawaida haliwezi kuzipita. Historia ya ukanda huu inawajibu vizuri kuliko mimi. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamepamba moto. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba. Aliyeshinda alikuwa na Peugeot 404, gari la familia linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Volkswagen kobe ilishinda zaidi ya mara moja. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544, kisha mara mbili kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta akachukua ushindi mara tano, zote kwa magari ya kampuni ya Nissan. Gari la kwanza kushinda likivuta kwa magurudumu yote manne lilikuwa Audi ya mwaka 1987, baada ya miongo mitatu na zaidi ya tope, mawe na mito. Ni kweli magari yale yaliandaliwa. Ila yaliandaliwa kwa namna ambayo wateja wetu hawaiulizii: shokapu imara, bati jepesi chini ya injini, viungo vilivyokaguliwa kimoja kimoja, na kila kilo isiyo na kazi ikiondolewa. Na usukani walikuwa nao watu walioijua ardhi.

Asiyetaka historia na atazame barabarani leo. Noah za abiria za Arusha na Manyara hupita kila siku njia za vijijini ambazo vijana wa mjini huzipangia msafara wa magari matano. Probox za Kenya hubeba mirungi, magunia na watu kwenye mawe ya Meru na Isiolo. Sisemi familia ipande Noah iliyojaza watu kupita kiasi. Upakiaji ule ni hatari na nauchukia. Nasema tu kwamba barabara ile haikudai inchi nne. Kisha nenda kwenye karakana za Arusha zinazotengeneza magari ya utalii. Wale ni watu wanaokula kwa gari. Land Cruiser zao zimerefushwa na kutobolewa paa ili mgeni aone simba, zimeongezwa springi za nyuma kwa sababu zinabeba watu saba na mizigo yao kila siku, zina matairi magumu na akiba mbili, zina redio kolu. Nyingi zimesimama kwenye kimo cha kawaida, na hawaning'inizi kitu kisichowaletea mkate.

Kuhusu kwenda nje ya barabara kabisa, katika hifadhi za taifa za Tanzania kuacha njia iliyowekwa ni kosa, na ni haki liwe kosa. Alama za matairi kwenye majani ya Serengeti au kwenye udongo laini wa kingo za ziwa hukaa misimu kadhaa. Baba anayejenga gari la kuvunja msitu anajenga gari la kufanya kile ambacho angemkataza mwanawe.

Najua swali linalofuata: ukikwama je? Utakwama. Winchi nyingi ninazoziona hazijawahi kuvutwa, na nyika ya kuelekea Natron haina mti wa kufungia kamba yake. Kwenye korongo moja la mchanga karibu na Engare Sero nilikuta gari la kifahari limezama hadi kwenye vikombe vya rimu, winchi imetolewa, kamba imelazwa chini, wanaume wanatafuta cha kuifungia. Matairi yalikuwa yamejazwa upepo kama wa kwenye lami. Utingo wa Canter iliyokuwa ikisubiri nyuma alichuchumaa, akabonyeza valvu kwa ncha ya msumari, tairi moja baada ya jingine, mpaka mashavu ya tairi yakatuna. Gari lilitoka kwa gia ndogo, polepole, bila kusukumwa. Tairi lililopunguzwa upepo kutoka psi 35 hadi 18 hivi hulala chini, unyayo wake hurefuka, na uzito uleule husambaa kwenye mchanga mwingi zaidi. Kinachohitajika ni geji ya upepo na pampu ndogo ya kuunga kwenye betri ili urudishe upepo kabla ya kuongeza mwendo. Ongeza koleo, mbao mbili za kuweka chini ya tairi, kamba madhubuti ya kuvutia na shakeli zilizopimwa. Usifunge kamba kwenye kile kichwa cha mviringo cha kuvutia trela, maana kikikatika kinaruka kama risasi, na kimeshaua watu.

Fedha ziende kwenye tairi kabla ya kitu kingine chochote, tairi la kipimo cha kiwandani au kinachokaribiana nacho, lenye mashavu magumu na meno ya kati. Soma tarakimu nne za mwisho za ile namba inayoanzia na DOT ubavuni: 2319 ina maana wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya mtumba yanayong'arishwa kwa mafuta na kupangwa kando ya barabara yanaweza kuwa na meno mazuri na umri wa miaka kumi, na mpira uliokauka hupasuka siku ya joto, mzigo ukiwa mwingi na mwendo ukiwa mkubwa, yaani siku ya safari. Baada ya tairi, shokapu na springi zinazolingana na mzigo unaobeba kweli. Kama gari limelala nyuma kwa mzigo, springi nzito kidogo ya kulirudisha kwenye kimo chake ni halali kabisa, na hapo sina ubishi na mtu. Boshi, boljointi, tairodi. Mafuta ya breki yanayonyonya unyevu mwaka hadi mwaka yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, kwa kuwa ukishuka Kitonga au Sekenke na familia, yale ya zamani huchemka na mguu unakuta hewa. Hakuna anayepiga picha ya mafuta mapya ya breki, na ndiyo sababu gereji chache huyauza kwa bidii.

Wapo watakaoniambia kwamba kutengeneza gari ni furaha yao, wala hawadai zaidi ya hapo. Hao siwagusi. Mtu akiwa na gari lake la kuchezea, akapanda nalo miamba na wenzake waliokubali hatari hiyo, ni haki yake. Ninaobishana nao ni wale wanaolitumia neno familia kuhalalisha manunuzi, kisha wanang'oa viti vya nyuma ili droo zipate nafasi na kumhamishia mtoto mdogo mapajani mwa mama. Wanaonunua Land Cruiser Hardtop yenye mabenchi ya pembeni na kuwakalisha watoto kiubavu bila mkanda. Wanaoacha dumu la lita 20 bila kufungwa nyuma ya vichwa vya watoto, wakati gari likigonga kwa mwendo wa 50 dumu hilo linakwenda mbele kwa kasi ya kitu kilichodondoka kutoka mita kumi.

Ingia kwenye duka lolote la vifaa vya safari mjini. Utaonyeshwa winchi za aina kadhaa, taa za kila umbo, mahema ya kukunjua kwa dakika mbili. Ulizia kiti cha mtoto cha kufunga kwenye gari, cha umri wa miaka minne. Ulizia wavu wa kutenganisha mizigo na abiria, na mikanda ya kufungia mzigo kwenye sakafu. Muuzaji akikosa vyote vitatu, mwachie hema lake, na hela yako ipeleke kwa muuza viti vya watoto kabla hujapanga tarehe ya kuondoka.